Nusu Kijiko

Mama Anna tulimzika Jumamosi iliyopita. Jioni yake, watu walipopungua, binti yake alinijia na kikombe cha chai pale nyumbani kwao Buguruni, akakaa karibu yangu mkekani. Anna sasa ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, lakini mimi namkumbuka akiwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa kanga, anasumbuliwa na meno. Akaniambia, "Mama mdogo Rehema, mama alikuwa anakutaja sana. Wewe na Bi Kidawa. Ila kila tukimuuliza ninyi wawili mlikosana nini, ananyamaza." Nikamjibu kwamba hatukukosana, tuliishi vizuri tu, mambo ya nyumba moja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaenda kuwahudumia wengine. Nilibaki na chai yangu mkononi mpaka ikapoa. Hayo niliyomjibu hayakuwa kweli, na nimeshakuwa mzee kiasi cha kutosha kuona aibu. Kwa hiyo naandika.

Bi Kidawa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na kuhusu ukoo hilo linatosha. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa kazi, na aliyekubali nisubiri kwake ndiye yeye. Nyumba ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na ukumbi katikati unaotoka barazani hadi uani. Bi Kidawa alikuwa na vyumba viwili vya nyuma, kwa sababu alitaka kuwa karibu na jiko. Mama Anna alipanga chumba kinachotazamana na chetu. Mumewe alikuwa kuli bandarini, na Mama Anna mwenyewe ametoka upande wa Masasi, Mkristo, mcheshi, hajui kunong'ona. Chumba cha Bi Kidawa ninaweza kukichora hata leo: kitanda cha besera chenye nguzo za chandarua, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka pembeni, na ukutani, badala ya picha, miiko mitatu mikubwa ya mti imetundikwa kwa ukubwa wake. Ule mkubwa kabisa ulikuwa mrefu kunifika begani. Kwa sababu Bi Kidawa alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kuanzia Kariakoo mpaka Ilala, watu walikuwa hawapangi tarehe kabla hawajajua kama yeye ana nafasi.

Nilipenda kumtazama akionja. Hakuonja kwa kijiko. Alichota mchuzi kidogo na mwiko, akaudondosha kwenye kiganja cha kushoto, akaupuliza, akaulamba, kisha akafumba macho. Wanawake wote waliokuwa wanamenya vitunguu wakanyamaza. Akifumbua macho anasema neno moja tu, "Bado," au "Tayari," na hakuna aliyewahi kumbishia. Miaka ile mchele wenyewe ulikuwa wa kutafuta. Tulikuwa tunapanga foleni duka la ushirika kwa unga wa njano, sukari ikija inakwisha kabla hujafika mlangoni, na familia yenye harusi ilikusanya mchele miezi na miezi, mfuko huu kutoka Ifakara, mfuko ule kutoka Rufiji kwa shemeji. Mchele wa namna hiyo huwezi kumpa mtu yeyote aupike. Alikuwa anakabidhiwa Bi Kidawa.

Alianguka mwezi wa tatu, asubuhi, ukumbini, akiwa na ungo mkononi. Nilisikia ungo ukibingirika kwenye saruji kabla ya kumsikia yeye. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno yanatoka mazito kama ya mtu mwenye donge la ugali kinywani. Mama Anna alitoka mbio na Anna mgongoni, akaita watu wa barazani, tukampeleka hospitali kwa pikapu ya jirani. Mpaka mchana mdomo ulikuwa umerudi mahali pake. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinitoa nje ya wodi akaniambia kwamba presha iko juu sana, kwamba hii ya leo ilikuwa onyo, na kwamba ya pili inaweza isiwe onyo. Akauliza nani anapika nyumbani. Nikasema anapika mwenyewe, lakini anayejua kusoma ni mimi. Akanipa vidonge na karatasi iliyopigwa chapa kwa taipureta, ratiba ya chakula, Jumatatu mpaka Jumapili, asubuhi, mchana, jioni. "Akifuata hii," aliniambia, "utakaa naye."

Nimeishika karatasi ile mara nyingi mno kusahau ilivyoandikwa. Jumatatu asubuhi: uji wa ulezi, kipande cha papai. Mchana: ugali, samaki mbichi wa kuchemsha na ndimu, mchicha. Jioni: viazi vitamu, maziwa kikombe kimoja. Chini yake yalikuwa makatazo: papa mkavu, ng'onda, dagaa wa chumvi, nyama ya kopo, achari, mboga iliyotiwa magadi. Na mstari wa mwisho kabisa, peke yake: Chumvi, nusu kijiko cha chai kwa siku nzima, pamoja na ya kupikia.

Bi Kidawa hakujua kusoma. Wakati ule serikali ilikuwa inawahimiza watu wazima wote waende kisomo, na darasa lilikuwa karibu, alasiri, lakini yeye alisema kichwa chake kimejaa mapishi, herufi zitakaa wapi. Kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati kwa ujiuji wa unga, na kila asubuhi baada ya "Shikamoo mama" na "Marahaba mwanangu" aliuliza, "Leo karatasi inasema nini?" Lazima niseme kweli kuhusu jambo hili: nililipenda swali hilo. Miezi miwili nilikuwa nimekaa katika nyumba ya watu, sina kazi, sina barua, najifunza kukuna nazi kama mtoto. Mwanamke aliyeogopwa na wapishi wote wa mtaa sasa alisimama mbele yangu akisubiri nifungue mdomo.

Ratiba yenyewe ilikuwa shida kuifuata. Maziwa hayakuwepo. Samaki mbichi nilimfuata asubuhi mapema soko jipya, nikashuka kule shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, kwenye maji na magamba, na mara nyingi nikarudi na kisichokuwa samaki. Ulezi tulipata kwa mkewe mwenye nyumba. Palipoandikwa mkate tulikula muhogo. Tulikuwa tunakula pamoja, sinia moja, kwa sababu niliona si heshima mimi nile chakula chenye ladha mbele yake. Kuhusu chumvi, siku ile ya kwanza nilimsomea haraka nikasema, "Inasema kidogo sana." Hapo ndipo nilipokosea kwanza, wala sikukusudia. Maana kidogo ya mpishi wa shughuli siyo kidogo ya daktari. Alikuwa anatia kwa vidole vitatu, akinitazama, anasema "Kidogo," kisha akigeuka kukoroga, vidole vitatu vingine. Siku moja nilimkuta uani amekaa na Mama Anna, wanavunja kwa mikono ng'onda ya kuchoma, samaki mkavu wa chumvi, wanacheka.

"Bi Kidawa kaniambia la samaki halikuandikwa!" Mama Anna alisema aliponiona, akaficha kipande nyuma ya mgongo, palipokuwa na mtoto.

"Nimeonja tu," alisema Bi Kidawa. "Mpishi haonji?"

Mwezi wa tano tulirudi kliniki. Presha ilikuwa vile vile, pengine juu zaidi. Yule daktari hakupiga kelele. Aliandika, akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, mimi siwezi kuja kukupikia." Tulirudi kwa miguu. Bi Kidawa alisimama mara mbili kupumua, mara ya pili akiegemea ukuta wa duka la vitambaa, jasho linamtiririka shingoni, nami nilifikiria ungo ukibingirika. Tulipofika alikaa kitandani, akavua viatu, akaniambia kwa upole kabisa, maana alikuwa ameogopa yeye pia:

"Rehema, hebu nisomee vizuri. Kidogo ni kiasi gani? Karatasi inasemaje hasa?"

Nilifungua mlango wa kabati. Nikautazama ule mstari wa mwisho. Nikafikiri: nikisema nusu kijiko, atachukua kijiko, nikisema kijiko, atachukua kiganja. Nikasema, "Inasema hakuna, mama. Hakuna kabisa."

"Hata chembe?"

"Hata chembe."

Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitegemea, lakini sikulitegemea. "Hata ya kuonja?"

Na mimi, mtoto wa miaka ishirini, nikiwa nimempa mgongo, macho yangu juu ya maneno nusu kijiko, nikasema, "Hata ya kuonja."

Hakubisha. Karatasi imesema. Kuanzia siku ile hakuweka chumvi mdomoni, na nataka ieleweke alifanya jambo gumu kiasi gani. Vyakula vyetu vilikuwa chapwa kabisa. Ugali wa unga wa njano bila mboga yenye ladha unakaa kinywani kama kitambaa. Alitafuna polepole, akameza, akanywa maji. Alipokwenda hitimani alijifunga kanga usoni akasema amefunga. Ng'onda zote alizokuwa amezihifadhi alimpa Mama Anna, na Mama Anna akazipokea kwa mikono miwili bila utani, kama mtu anayepokea vitu vya marehemu. Mwezi wa sita presha ilishuka. Mwezi wa saba ilishuka tena. Daktari alimpongeza, akaniangalia na mimi akasema, "Umefanya kazi nzuri, binti." Nilirudi nyumbani nimenyanyua kichwa. Niliona kwamba uongo wangu umemponya mtu, na nikaacha kuuita uongo.

Ila alikuwa anakonda, na alikuwa hapiki shughuli. Alikataa shughuli ya kwanza, akakataa ya pili, akisema amechoka. Ya tatu haikukataliwa, kwa sababu ilikuwa harusi ya binti wa rafiki yake wa ujana, Mtaa wa Swahili, na yule mama alikuja mwenyewe akakaa kitandani akamshika magoti. Bi Kidawa akakubali, kisha usoni pake pakaingia wazo. Akaniita. "Karatasi haikukukataza wewe," alisema. "Wewe utakuwa ulimi wangu."

Kwa siku nne alinifundisha. Nilidondosha mchuzi kiganjani, nikapuliza, nikalamba, nikafumba macho. Aliniambia chumvi inasikika pembeni mwa ulimi, siyo katikati. Kwamba nyama inakunywa chumvi kwa hiyo mchuzi wa pilau uonje umezidi kidogo, ndipo mchele ukiingia utakaa sawa. Nilielewa yote. Jambo ambalo hatukulifikiria, mimi wala yeye, ni kwamba mimi nami nilikuwa nimekula chakula chake kile miezi mitatu. Ulimi wangu ulikuwa umeshasahau. Siku ya harusi, uani kwa watu, masufuria manne makubwa yanachemka na wanawake wamenizunguka, nililamba kiganja changu nikaona chumvi imejaa tele. Akaniuliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari, mama." Akaniamini. Akamimina mchele wa watu.

Pilau liliiva vizuri, punje moja moja, harufu imefika mtaa wa pili. Masinia yakapelekwa kwenye majamvi. Sisi tulikuwa mlangoni tukitazama, kama alivyozoea, maana alipenda kuona mikono ya kwanza ikirudi kwa haraka. Siku ile mikono haikurudi kwa haraka. Watu walitafuna wakatazamana. Kisha mwanamume mmoja, mtu wa adabu tu, hakuwa na ubaya, aliita kwa sauti ya chini, na kutoka ndani kukaletwa kisahani cha chumvi. Kikapita sinia moja hadi nyingine. Kila mtu alichukua kwa vidole akanyunyiza. Kikazunguka jamvi lote la wanaume, kikaja la wanawake, kikapita mbele yetu. Nyuma yangu, upande wa mitungi ya maji, nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Bi Kidawa mkono umekufa. Presha imemmaliza." Yeye alisikia pia. Hakugeuka. Aliinama akaokota mwiko wake mkubwa, akaupangusa kwa pindo la kanga, tukaondoka kabla ya bwana harusi kufika.

Njiani nilijaribu kusema kwamba kosa ni langu. "Wewe ulionja ulivyoweza," alinijibu. "Anayetakiwa kuonja ni mimi, na mimi nimekatazwa." Alipofika chumbani aliutundika mwiko, na nikajua hautashuka tena. Pale palikuwa mahali pa kusema. Mpaka leo nakiona kile chumba, jua la alasiri limeingia kwa dirisha la uani likaangukia magoti yake, mlango wa kabati uko wazi nusu, karatasi inaonekana. Sentensi moja tu ingetosha: mama, unaruhusiwa nusu kijiko, onja. Lakini sentensi hiyo sasa ilikuwa imebeba harusi ya watu na aibu ya Bi Kidawa, na mimi sikuwa na ubavu wa kuibeba. Nikaenda uani kuwasha jiko.

Wiki iliyofuata alijiandikisha kisomo. Alisema hana kazi tena ya kumshughulisha alasiri. Mwalimu wao alikuwa kijana mwembamba aliyejitolea, akiitwa Joakimu, na wanafunzi wake walimwamkia yeye "Shikamoo mwalimu" kwa utani ingawa wote wangeweza kumzaa. Mama Anna alimsindikiza siku ya kwanza akarudi anacheka jinsi Bi Kidawa alivyoshika kalamu kama anashika mwiko. Lakini Bi Kidawa alikuwa mtu wa kazi. Aliandika herufi kwa mkaa kwenye sakafu ya uani. Alisoma magunia, mikebe, mabango ya duka la ushirika. Akipita mahali anasimama, midomo inatembea, watu wanampisha. Mwezi wa tisa alisoma jina lake. Mimi nilifurahi naye, kwa kweli nilifurahi, na kwa ujinga wa ajabu sikuikumbuka karatasi. Ilikuwa imekaa pale mlangoni muda mrefu mno, nikawa siioni.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa kumi. Nilikuwa uani nafua, Mama Anna anachambua mchele kwenye ungo, Anna anatambaa kati yetu. Bi Kidawa alitoka chumbani na karatasi mkononi. Alikuwa ameibandua taratibu, bila kuichana, unga mkavu bado umeshikamana kwenye pembe. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. "Leo," alimwambia Mama Anna, "nitaisoma mwenyewe." Akaanza na Jumatatu. Alisoma kwa kidole, silabi moja moja, uji, wa, u-le-zi, na Mama Anna akapiga makofi. Nilisimama na nguo iliyolowa mikononi. Ningeweza kumzuia. Nilifikiria hata kumwagia maji karatasi ile. Alifika kwenye makatazo, akacheka peke yake kwenye neno ng'onda. Kisha kidole kikashuka.

"Chu-mvi. Nu-su. Ki-ji-ko." Akarudi mwanzo. Akasoma tena, safari hii bila kukata. Kidole kikabaki pale pale. Mama Anna aliacha kuchambua mchele.

"Rehema," alisema. "Nusu ni nini?"

Nilianza kusema ni sehemu, ni kitu ukikigawa mara mbili.

"Najua nusu ni nini," alisema. "Nilikuwa nauliza kama wewe unajua."

Hakupaza sauti, wala hakulia. Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka kifuani ndani ya kanga, akaingia ndani. Asubuhi yake alikwenda kliniki peke yake, mara ya kwanza bila mimi. Aliporudi aliniita chumbani akaniambia amemuuliza daktari na daktari amesema ni nusu, tangu siku ya kwanza ni nusu, na kuonja kunaruhusiwa mradi usipite hapo. Nilimwambia niliogopa. Nikamwambia presha ilikuwa haishuki, alikuwa anadanganya vidole, nilimwona na ng'onda, sikutaka afe. Yote hayo yalikuwa kweli, nikayasema nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo tulipika vyungu viwili. Mtu asiyeishi katika nyumba kama zile hawezi kujua uzito wake: watu wa familia moja, jiko moja la mkaa, yeye anapika anaepua, kisha mimi nateleka cha kwangu. Asubuhi alipima chumvi yake ya siku kwa kijiko cha chai, akaipangusa juu kwa kisu, akaigawa katikati, nusu akaiweka kwenye kifuniko cha mkebe na nusu akairudisha. Hakuzidisha hata punje. Nilichoshindwa kumwaminia alikifanya mbele ya macho yangu kila siku. Salamu yangu aliitikia. Akitumiwa barua na ndugu, aliipeleka kwa Mwalimu Joakimu wasaidiane.

Mama Anna alijaribu kutupatanisha. Nilikuwa ukumbini nafagia, mlango wao uko wazi, nikamsikia: "Dada, msamehe mtoto. Alikuwa anakuogopea."

"Angeniambia anaogopa," Bi Kidawa alijibu. "Ningemwelewa. Mimi nami nilikuwa naogopa. Lakini alinisomea kitu ambacho hakikuandikwa, nami nikakaa pale nikimshukuru." Nikaacha kufagia. "Harusi ile, Mama Anna. Nusu kijiko ilikuwa inanitosha kuonja masufuria yote manne."

Barua yangu ya kazi ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Ukarani, Tabora. Siku ya kuondoka nilivaa mapema, nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti kwenye saruji, nikasema maneno ambayo nilipaswa kuyasema mwezi wa tano, au wa nane, au wakati wowote kabla hajajifunza kusoma. Nilisema nilidanganya kwa woga, na nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuwa mtu anayesikilizwa. Sikuwa nimelijua hilo la pili mpaka liliponitoka mdomoni.

Aliniwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, Rehema. Kwa Mungu nimekusamehe, nenda salama," alisema. "Lakini kukuamini siwezi tena. Usidhani ni kitu kimoja." Kisha akanipa viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba, vya kula njiani, akanisindikiza hadi barazani. Mama Anna ndiye aliyenifikisha stesheni.

Barua ilinifikia Tabora mwezi wa nne. Bahasha ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zisizolingana, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kwa ncha, na karani mwenzangu aliyeileta aliuliza kama ni ya mtoto. Bi Kidawa aliandika hivi, na ninaijua kwa moyo: Rehema mwanangu. Mimi mzima kidogo. Barua hii naandika mwenyewe nimetumia siku tatu. Hapa mvua nyingi. Mama Anna anakusalimu. Mwezi uliopita nimepika hitima ya watu wachache. Siku ya kupika sili chumvi asubuhi wala mchana, ile nusu yangu yote naiweka ya kuonja. Walisema imekolea. Mguu unavimba lakini natembea. Njoo Idi kama watakupa ruhusa. Nijibu. Usitafute maneno mazuri, andika tu.

Nilisoma nimesimama, nikaketi, nikasoma tena. Jioni ile ile nilianza kumjibu. Nilitaka iwe barua ambayo mtu akiisoma silabi kwa silabi atapata ndani yake kila kitu, na kwa sababu hiyo haikutosha. Nikaichana. Nikaanza nyingine wiki iliyofuata. Kuhusu Idi, nilikuwa mgeni kazini, niliona haya kuomba ruhusa mapema. Nikajiambia nitakwenda ile ya kuchinja. Barua ya tatu ilifika ukurasa wa pili. Ilikuwa mezani kwangu, chini ya faili, siku telegramu ilipoletwa.

Garimoshi lilichelewa na nilikuta wameshamzika Bi Kidawa. Nilikaa uani pale pale tulipokuwa tunapikia, katikati ya wanawake waliokuja kuhani msiba, nao wakanieleza. Alianguka akitoka kisomo, mlangoni kwa darasa, na safari hii maneno hayakurudi. Alikaa siku mbili. Sijui, na hakuna daktari atakayenijibu, kama angeishi zaidi kwa ile hakuna yangu kuliko kwa nusu yake. Nimejiuliza miaka yote hii, na kila nikijiuliza najiona nimerudi mbele ya lile kabati nikitafuta sababu.

Watu walipotawanyika Mama Anna alikuja kukaa karibu yangu. Alikuwa amekonda, macho yamevimba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ndogo. "Alikuwa anakwenda posta," aliniambia. "Kila Ijumaa. Anarudi anasema bado. Akiniambia bado anacheka, eti Rehema bado anatafuta maneno mazuri." Akanitazama. "Ulimjibu?"

"Nilimjibu," nikasema. "Labda imepotea njiani."

Mama Anna akanitoa uzi uliokuwa umenasa kwenye bega la gauni, akausokota vidoleni.

"Ndiyo," alisema. "Siku hizi barua zinapotea."